Jonathan Jasper Wright: Mwalimu, Wakili na Jaji

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni watu wa baraza: wakubwa wanaokaa kusikiliza mashauri, makarani wanaoyaandika, na walimu wanaoulizwa na jirani zao maana ya sheria. Kwa hiyo somo letu la leo ni habari za mtu mweusi mmoja wa Marekani aliyeanza kazi ya ualimu, akawa wakili, akachaguliwa mjumbe wa kutunga sheria, kisha akaketi katika kiti cha jaji.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi nchi ile inavyotawaliwa. Marekani ni majimbo mengi yaliyoungana, na kila jimbo lina Gavana wake, mabaraza yake ya kutunga sheria, na Korti Kuu yake. Katika jimbo la South Carolina majaji hawawekwi na Gavana, wala raia wote hawawapigii kura. Huchaguliwa na wajumbe wa mabaraza mawili ya kutunga sheria. Jambo hili tulishike vema, maana mbele litatufaa.

Wright alizaliwa tarehe 11 Februari 1840 katika Pennsylvania, jimbo la kaskazini lililoanza kuukomesha utumwa tangu mwaka 1780. Alisoma katika skuli ya mji wa Ithaca, jimbo la New York, kisha akafundisha watoto ili apate riziki, na huku akijifunza sheria. Siku zile mtu aliyetaka uwakili aliweza kujifunza katika afisi ya mawakili, akisoma vitabu vyao na kutazama kazi zao, kama vile kijana akaavyo na fundi seremala. Wright alijifunza hivyo katika mji wa Montrose. Lakini alipoomba kutahiniwa, wakubwa wa kazi ile walikataa kwa sababu ya rangi yake. Hawakusema kwamba ameshindwa mtihani. Mtihani wenyewe hawakumpa.

Mwaka 1865 vita vya kaskazini na kusini vilikwisha, na watumwa wote wa kusini wakawa huru. Chama cha Wamisionari wa Marekani kilimpeleka Wright katika mji wa Beaufort, pwani ya South Carolina, awafundishe waliokuwa watumwa. Huko visiwa ni vingi, na pamba ya visiwa vile ilisifiwa sana. Mabwana walikuwa wamekimbia tangu mwaka 1861 askari wa kaskazini walipofika kwa manowari, na watumwa wakabaki katika mashamba. Basi Wright aliwakuta watu ambao jana sheria iliwahesabu kuwa mali, na leo watakiwa kutia alama zao katika mikataba wasiyoweza kuisoma.

Mwaka 1866 Baraza Kuu la Marekani lilipitisha sheria ya kuwapa watu weusi haki za raia. Wright alirudi Montrose, akaomba tena, na safari hii akatahiniwa, akafaulu. Mwezi wa Agosti mwaka ule akawa mtu mweusi wa kwanza kukubaliwa kuwa wakili katika Pennsylvania. Angaliweza kukaa kwao. Lakini alirudi Beaufort, akawa mshauri wa sheria wa watu walioachwa huru, chini ya idara ya Serikali iliyowekwa kwa ajili yao.

Mwaka 1868 South Carolina ilitakiwa kuandika sheria mpya ya msingi. Wajumbe walikutana Charleston, nao weusi walikuwa wengi kuliko wazungu, jambo lisilopata kuonekana huko kabla ya siku ile. Wright alikuwa mmoja wao, na alishiriki kuiandika sehemu ihusuyo korti. Sheria ile ilifungua skuli za umma kwa watoto wote, na iliondoa sharti la mtu kuwa na mali ndipo apige kura. Mwaka ule ule watu wa Beaufort walimchagua kuingia Seneti ya jimbo.

Tarehe 1 Februari 1870 mabaraza yalimchagua kuwa jaji wa Korti Kuu. Zilibaki siku 10 tu atimize miaka 30. Katika Marekani yote hakuna mtu mweusi aliyepata kukaa katika Korti Kuu ya jimbo kabla yake. Majaji walikuwa watatu, naye aliandika hukumu zaidi ya 80, nyingi juu ya mambo ya kawaida: deni, wosia, mipaka ya mashamba. Baadhi ya wasomaji huenda wakaona kazi hii ni ndogo kwa mtu mwenye sifa kubwa. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe ya jaji.

Sasa tufike mahali pagumu. Katika uchaguzi wa mwaka 1876 watu wawili walidai ugavana: Daniel Chamberlain, aliyeungwa mkono na watu weusi, na Wade Hampton, aliyekuwa jemadari wa kusini wakati wa vita. Uchaguzi ule ulikuwa na vitisho vingi na damu ilimwagika. Kila mmoja wao aliapishwa, na jimbo likawa na magavana wawili. Ndipo Hampton akamsamehe mfungwa mmoja, Tilda Norris, na mkuu wa gereza akakataa kumfungua. Shauri likaletwa mbele ya Korti Kuu. Lilionekana kuwa shauri la mfungwa mmoja, lakini kumfungua Norris ni kukiri kwamba Hampton ndiye Gavana.

Jaji Mkuu, Franklin Moses, alikuwa mgonjwa sana. Wakabaki Willard, mzungu, na Wright. Mwishoni mwa Februari 1877 wote wawili walitia sahihi amri ya kumfungua mfungwa. Baada ya siku chache Wright alileta karatasi nyingine ya kuiondoa sahihi yake. Haikukubaliwa, amri ya kwanza ikasimama. Sisi makarani twajua jinsi sahihi ilivyo: kuitia ni dakika moja, kuitoa hakuna njia. Hofu ya pande zote mbili ilikuwa juu yake, na wenzake wengi weusi waliona amewaacha. Siwezi kumsifu kwa jambo lile, wala sithubutu kumhukumu mtu aliyekaa peke yake namna ile.

Askari wa Serikali kuu waliondolewa katika jumba la Serikali mwezi wa Aprili, na Chamberlain akatoka. Wale walioshinda hawakumshukuru Wright kwa sahihi yake. Kumbukeni ni nani wachaguao majaji: mabaraza sasa yalikuwa mikononi mwa watu wa Hampton, nao walianza kumshtaki kwamba ni mlevi. Alikana mashtaka, lakini mwezi wa Agosti 1877 alijiuzulu.

Aliishi Charleston akifanya uwakili na kuwafundisha vijana sheria, akafa kwa kifua kikuu mwezi wa Februari 1885, umri wake miaka 45. Mtu mweusi wa pili kuingia Korti Kuu ya South Carolina alikuwa Ernest Finney, naye vilevile alianza uwakili, akawa mjumbe wa kutunga sheria, kisha jaji. Alichaguliwa mwaka 1985, yaani miaka 108 baada ya Wright kutoka.