Mali Bila Daftari: Bima ya Gari la Kale Litokalo kwa Nadra

Msomaji wetu mmoja wa Mombasa, ambaye kwa kuchunga faragha yake hatutamtaja jina, ametuletea swali ambalo, kwa jinsi lilivyo na manufaa kwa wengi, tumeona ni haki tulijibu kwa urefu na kwa taratibu. Marehemu baba yake alimwachia gari aina ya Peugeot 404 la mwaka 1967, ndugu wa yale yaliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963 na kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Na mwana, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa mzazi wake, amelitunza kwa gharama isiyo ndogo, akaling'oa kutu iliyoletwa na upepo wa chumvi, akalishonea viti upya, akalipaka rangi ile ile ya asili. Gari hilo hulala bandani miezi nenda miezi rudi. Hutoka siku za Idi, hutoka kwenye harusi za jamaa, na baadhi ya miaka hupanda hadi Nairobi kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Wakala wa bima aliyemwendea alilitupia jicho mara moja akasema: "Mzee wangu, gari hili limepita umri, chukua thadi pati, basi." Naye anauliza: je, yampasa kulipia bima gari lisilotembea? Na likiungua au likiibwa, atalipwa nini? Mwishoni mwa barua ametaja, kama jambo la kumbukumbu tu, kwamba ndani ya gari mna daftari la baba yake, ambamo tangu mwaka 1969 aliandika kwa mkono wake kila oili aliyobadilisha na kila spea aliyonunua.

Daftari hilo tutalirudia, maana ndilo lililo karibu zaidi na jawabu letu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nami sijui mali inayostahili methali hiyo kuliko gari la kale. Bei ya gari la kawaida hujulikana katika kila yadi ya magari. Ya gari la kale imo moyoni mwa mwenyewe na katika jasho la fundi wake, na hakimu hawezi kusoma moyo wala jasho, husoma hati iliyo mbele yake.

Wajibu usiolala

Tuanze na lililo faradhi. Sheria ya Kenya ya bima ya magari kwa hatari za watu wa tatu, yaani Sura ya 405, katika kifungu chake cha 4, inamkataza mtu yeyote kulitumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, pasipo bima ya kuwakinga watu wengine wanaoweza kuumizwa nalo, ndiyo hiyo thadi pati. Sheria hiyo haikutofautisha gari liendalo kila siku na gari litokalo mara mbili kwa mwaka. Mwendo wa dakika kumi kutoka Kibokoni kwenda kuswali Idi, mbele ya sheria, ni sawa na safari ya Mombasa hadi Malaba. Wala barabara isidhaniwe kuwa ni lami peke yake, kwani hata maegesho ambayo umma una ruhusa ya kuyaingia yamo katika maana yake.

Neno "kutumia" nalo ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1959 mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la mtu ambaye gari lake liliharibika mbele ya nyumba yake. Akaliinua kwa jeki, akatoa betri, akasitisha bima. Wiki kadhaa baadaye alilishusha chini, akaliosha, akarudisha betri, na mazulia akayapeleka kusafishwa, ilhali injini haikuweza kuwaka na mwenyewe hakuwa na nia ya kuliendesha. Juu ya hayo yote alitiwa hatiani, kwa hoja kwamba gari lililoko barabarani na linaloweza kusogea, hata kwa kuviringika mteremkoni, linatumika. Hukumu za Uingereza haziwafungi mahakimu wetu, lakini husikilizwa kwa makini. Kwa hiyo asiyetaka kulipia bima katika miezi ya kulaza gari, na alilaze ndani ya ua wake mwenyewe, asiliache ukingoni mwa njia.

Ipo nafuu katika hili. Makampuni ya bima ya Kenya hutoa vyeti vya thadi pati vya mwezi mmoja mmoja, na mtu wa safari chache aweza kununua cha mwezi wa Idi na cha mwezi wa maonyesho bila kulipia mwaka mzima. Maadam vyeti siku hizi hutolewa kwa njia ya kidijitali, ahakikishe kabla ya kuwasha injini kwamba namba ya gari lake imekwisha kuingizwa na tarehe zake ni sahihi, kwani risiti ya malipo mkononi si cheti.

Mipaka ya thadi pati

Pamoja na hayo, tusiipe thadi pati sifa isiyo yake. Kinga inayolazimishwa na Sura ya 405 ni ya kifo na majeraha ya mwili, na kwa kila mdai mmoja haizidi shilingi 3,000,000. Mahakama ikimpa aliyeumizwa fidia ya shilingi 4,500,000, hizo 1,500,000 zilizozidi humrudia mwenye gari, zikafuata nyumba yake na akiba yake. Ukuta wa jirani ulioubomoa hauko katika kinga hiyo ya lazima, ila kama hati yako imeuongeza. Na gari lako mwenyewe, likiungua hadi chuma, halina senti moja ndani yake.

Mpita njia aliyeumizwa naye ana haki zake, na ni vyema mwenye gari azijue. Akishinda kesi, kifungu cha 10 kinailazimisha kampuni kumlipa yeye mwenyewe, mradi iwe imepewa taarifa ya kesi kabla ya kufunguliwa au ndani ya muda uliowekwa na sheria tangu kufunguliwa. Tena masharti ya hati yanayoipunguza bima kwa kutaja hali ya gari, au nyakati na mahali pa kulitumia, hayana nguvu juu ya majeruhi huyo. Hapa pana fundisho kwa wenye magari ya kale, ambao aghalabu hati zao husema gari litoke siku za mapumziko tu: ukilitoa siku isiyoruhusiwa ukamgonga mtu, kampuni itamlipa, kisha itakugeukia wewe kudai ilichotoa.

Thamani ya mapatano

Juu ya thadi pati kuna ngazi ya pili, inayoongeza moto na wizi, na ngazi ya tatu, bima kamili, inayobeba pia hasara ya ajali. Kauli ya wakala kwamba gari limepita umri si kauli ya sheria. Hakuna sheria ya Kenya iliyoweka umri ambao gari likiupita linaharimishiwa bima kamili. Hayo ni maamuzi ya kila kampuni kwa biashara yake, na ikikataa moja, nyingine yaweza kukubali. Na hapa ijulikane tofauti ya watu wawili ambao wengi huwachanganya: wakala huiuzia kampuni bima zake na huisemea kampuni, lakini dalali wa bima aliyesajiliwa humwakilisha mteja, na kazi yake ni kuzunguka sokoni kwa niaba yako. Kwa gari kama hili, mtafute dalali.

Bima kamili ya kawaida, likipotea gari, hulipa bei ya soko ya siku ya hasara. Na kama kiasi kilichoandikwa ni kikubwa kuliko bei hiyo, hulipa bei hiyo tu. Kwa gari la miaka mitano kanuni hiyo ni ya insafu. Kwa gari la mwaka 1967 ni dhuluma iliyojificha, maana mkadiriaji atalihesabu kuwa kuukuu, atashusha thamani mwaka baada ya mwaka, mpaka abakishe bei ya chuma chakavu, wakati wewe umelipa ada kwa miaka yote kwa hesabu ya shilingi milioni. Dawa yake ni kifungu cha thamani ya mapatano, ambacho kwacho wewe na kampuni mnakubaliana tangu siku ya kwanza kwamba gari likiangamia lote malipo yatakuwa kiasi fulani kilichotajwa, pasipo mjadala. Usiridhike na ahadi ya mdomo. Maneno "thamani ya mapatano" na kiasi chenyewe sharti viwemo katika jedwali la hati. Na kwa kuwa bei za magari haya hupanda kadiri yanavyoadimika, lithaminishwe upya kila unapohuisha bima.

Wala usishawishike kuandika kiasi kidogo ili upunguze ada. Baadhi ya hati zina sharti la uwiano: gari la thamani ya shilingi 1,200,000 likikatiwa bima ya 600,000, likapata hasara ya 200,000, kampuni hulipa 100,000 tu, kwa sababu nusu ya hatari uliibeba mwenyewe, na hapo bado hujakatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kila mwenye bima huibeba.

Mthamini ataamini nini? Ataamini picha za gari kabla na baada ya matengenezo, risiti za spea zilizoagizwa nje, hati ya fundi wa bodi, logibuku yenye namba za injini na fremu zinazolingana na zilizopigwa kwenye chuma. Na kuliko vyote ataamini daftari la mzee, lililoandikwa kwa wino uliofifia, mwaka kwa mwaka, na mtu ambaye hakuwa na haja ya kumdanganya yeyote.

Maneno ya kuyatazama kabla ya kutia sahihi

Hati ya gari la kale ina vipengele vyake, na mwenye busara huvisoma kimoja kimoja. Tazama kwanza matumizi. Hati ya matumizi binafsi inakuruhusu kumbeba mpwa wako siku ya harusi yake. Haikuruhusu kulikodisha kwa harusi ya mtu baki, hata kama malipo ameyaita "pesa ya mafuta". Akikupa ujira, gari limekuwa la biashara, na kinga ya gari lako yaweza kukuponyoka siku ile ile. Kadhalika maonyesho ambamo magari husimama yakatazamwa si sawa na mashindano ya mwendo, ambayo hati nyingi huyatoa nje. Ukialikwa kwenye mbio, omba idhini ya kampuni kwa maandishi kwanza.

Tazama mipaka ya kilomita kwa mwaka, mahali pa kulaza gari, na umri wa madereva. Haya ndiyo yapunguzayo ada, na ni haki yako kuyadai kama gari hutoka kwa nadra, lakini yakishaandikwa ni ahadi yako nawe. Uliza kama fujo na ghasia za kisiasa zimo, au huongezwa kwa ada yake. Uliza kama una uhuru wa kumchagua fundi, maana si kila gereji inayoijua kabureta ya miaka ya 1960. Uliza pia kuhusu mabaki: likihesabiwa kuwa limeangamia, je, una haki ya kulinunua tena kwa bei ya skrepa? Kwa gari la baba, swali hilo si dogo.

Nalo jambo la mwisho katika mlango huu ni ukweli. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu kamili, msingi ambao Jaji Mansfield wa Uingereza aliueleza tangu mwaka 1766. Kama injini ya asili imetolewa ikatiwa ya Toyota, sema, na logibuku irekebishwe. Kama kijana wako huliendesha, mtaje. Lililofichwa leo kwa kuokoa shilingi elfu chache ndilo kampuni itakalolishika kesho kukataa madai yote.

Ukidhulumiwa

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Kwa hiyo kudai hati yote ya bima, wala si cheti peke yake, na kutaka kufafanuliwa usilolielewa, si usumbufu. Madai yakikataliwa, taka sababu kwa maandishi, na kifungu cha hati kinachotegemewa. Ukiona si haki, iandikie kampuni malalamiko. Isipokutosheleza, yapeleke kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, pamoja na nakala za hati, ripoti ya polisi na barua zote. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuagizwa kumaliza mashauri ndani ya siku 60. Dai la mkataba hufa baada ya miaka sita, lakini usingoje. Shahidi husahau na risiti hufifia.

Basi, ndugu yetu wa Mombasa, jawabu letu ni hili. Kwa safari zako, cheti cha thadi pati kila mwezi utakaotoka ni wajibu usio na hiari. Kwa gari lenyewe, ambalo hatari yake kubwa ni moto na wizi likiwa bandani, mtafute dalali akupatie bima ya thamani ya mapatano, walau ya ngazi ya pili, na bima kamili kila upandapo Nairobi. Na kabla ya kwenda kwake, litoe daftari la baba yako garini, ulipige picha ukurasa kwa ukurasa, na daftari lenyewe uliweke nyumbani. Kwani lilipo sasa, siku gari litakapoungua au kuibwa, litakwenda nalo. Kisha chukua kalamu, ufungue ukurasa aliokomea yeye, uandike tarehe ya leo.