Somo la Kazi za Mikono: Mapambo ya Wazee Wetu

Katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Mara, ndani ya sanduku la bati au kasha la mbao, mna mapambo yasiyovaliwa tena: bangili za shaba, vikuku, mikufu ya shanga, simbi, na hata senti za tundu. Katika somo hili nataka kueleza jinsi ya kuyafanya picha ya ukutani bila ya kuyaharibu.

Kwanza tufikiri juu ya thamani yake. Sonara akinunua pete ya zamani hulipa kwa uzito wa dhahabu, na mnunuzi wa vyuma chakavu hupima bangili ya shaba kwa kilo. Hawana kosa, kwani ndiyo biashara yao. Lakini pete ikisha kuyeyushwa hairudi, na mizani haina jiwe la kupimia habari za aliyeivaa.

Jambo hili lilitufika sisi wenyewe. Bibi yangu wa Butiama alipofariki aliacha bangili mbili za shaba na mkufu wa shanga nyekundu na nyeupe, wenye senti 10 ya tundu ya mwaka 1952 katikati yake. Wajukuu tulikuwa saba. Mmoja alitaka vyote viuzwe tugawane fedha. Mwingine alitaka mkufu ukatwe, kila mtu apewe shanga zake. Maneno yakawa makali. Ndipo shangazi yetu wa Bunda aliposema, "Mkiukata mkufu huu mtapata shanga, lakini mama yangu hamtampata." Basi tukapatana vyote viwekwe katika fremu moja, ikae kwa shangazi, na kila mjukuu apewe picha yake. Nami, kwa kuwa nafundisha kazi za mikono hapa Musoma, nikapewa kazi hiyo. Hatua tulizofuata ni hizi.

1. Uliza. Kabla ya kugusa kitu, waulize wazee: kilikuwa cha nani, kilivaliwa lini, na je, mila yaruhusu kitundikwe? Kitu cha tambiko au cha cheo si pambo la sebuleni. Shangazi alitueleza kwamba bibi aliipata senti ile siku alipouza pamba ya shamba lake mwenyewe, akaitunga ili asiitumie. Sisi wajukuu hatukujua habari hiyo hata mmoja.

2. Andika. Hesabu shanga, andika mpangilio wa rangi zake, na upige picha au uchore. Uzi wa zamani waweza kukatika mkononi mwako; ukiwa na maandishi utaweza kuzitunga tena kama zilivyokuwa.

3. Safisha kwa hadhari. Shanga zifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kwani maji mengi huozesha uzi. Shaba hugeuka nyeusi au kijani kwa sababu ya hewa na unyevu, nasi wa kando ya ziwa twalijua jambo hilo. Watu wengi huisugua kwa limau na chumvi. Ni kweli itang'aa, lakini asidi ya limau hula madini, na kusugua huondoa alama za fundi na za mkono wa mvaaji. Kitambaa laini kikavu chatosha. Simbi usizitie limau kamwe: gamba lake ni la aina moja na chokaa, na asidi hulila huku likitoa mapovu.

4. Shona, usigandishe. Chukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa, au kipande cha kanga ya marehemu, ukitandaze juu ya ubao mwembamba. Kila pambo lishonee kwa uzi imara mahali kadha wa kadha, na kila mshono uwe na fundo lake, ili mmoja ukikatika mingine ishike. Gundi huacha madoa na haitoki kwa urahisi. Uzi waweza kukatwa kwa mkasi, na siku mjukuu akiolewa aweza kuuvaa mkufu wa bibi yake, kisha ukarudi mahali pake.

5. Fremu. Mwambie seremala akutengenezee fremu yenye kina cha sentimeta 4 hivi, ili kioo kisiguse mapambo. Itundike mbali na jua, kwani jua hupausha kitambaa, na mbali na moshi wa jikoni.

6. Maandishi. Nyuma ya fremu bandika karatasi yenye jina la mwenye mapambo, mahali alipoishi, na habari ya kila kitu. Aliyefika Butiama katika Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, ameziona zawadi alizopewa Mwalimu. Bila ya kuelezwa ni nani aliyetoa na kwa nini, zawadi hubaki chombo tu.

Neno moja la kuonya. Ukikuta bangili ya pembe ya ndovu au jino la simba, usilitundike wala usiliuze. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwa na vitu hivyo bila kibali. Wazazi na wamwone ofisa wa wanyamapori wa wilaya.

Fremu yetu sasa iko Bunda. Wageni huuliza kwanza habari za senti, na watoto wa shangazi ndio wanaojibu.

Kazi ya likizo
(a) Tafuta pambo moja la zamani nyumbani kwenu. Usilichukue, omba ulione.
(b) Mwulize mzee habari zake, uandike kwa maneno yake mwenyewe, kisha umsomee.
(c) Eleza kwa nini limau huharibu simbi upesi kuliko shaba.