Neno lipo, kompyuta hailioni

Swali: Faili langu la nyimbo za Kikorea lina neno ninaloliona kwa macho, lakini nikilitafuta kompyuta inasema halipo. Kwa nini? (Msomaji, Isikizya, Uyui)

Jibu: Kompyuta haitazami umbo, inalinganisha namba, na Unikodi, orodha inayoipa kila herufi namba yake, imeruhusu silabi ileile ya Kikorea iandikwe kwa njia zaidi ya moja. Chukua 한, yaani "han". Yaweza kuhifadhiwa kama alama moja, namba 54620, au kama herufi tatu zenye namba tatu, ambazo skrini huzishona zikaonekana kitu kimoja. Hiyo 54620 haikuokotwa: konsonanti 19 za mwanzo mara irabu 21 mara miisho 28 (kukosa mwisho nako kunahesabiwa) ni silabi 11,172, zilizopangwa mfululizo kuanzia 44032 tangu toleo la Unikodi la 1996.

Utasema huo ni ufujaji, herufi 67 zingetosha. Kwa hesabu tupu, kweli. Ila viwango vya Korea vilikwisha kuhesabu silabi nzima, na mafaili ya zamani hayatupwi. Isitoshe, katika UTF-8, namna ya kuhifadhi namba hizo kwa baiti, 한 nzima hula baiti tatu, iliyovunjwa, tisa. Basi geuza faili na neno unalotafuta viwe mfumo mmoja, NFC, unaounganisha herufi zilizovunjwa ziwe alama moja, litaonekana.

Tatizo hili si la Kikorea tu: atakayeingiza barua za Kiswahili za enzi za misafara ya Tabora, zenye herufi za Kiarabu, atapona hivyo kwa herufi chache tu, kama آ, ambazo nazo huweza kuvunjwa. "P" iliyoandikwa ب hapa na پ pale, NFC haiipatanishi.