Muziki Uliotangulia Picha
Swali: Je, mtunzi wa muziki wa filamu husubiri picha zikamilike?

Jibu: Kwa kawaida husubiri, kwani hupewa filamu iliyokwisha kuhaririwa, akapima kila onyesho kwa sekunde ndipo akatunga; lakini Ennio Morricone, aliyezaliwa Roma mwaka 1928 na kusomea tarumbeta na utunzi katika chuo cha Santa Cecilia, aliupindua utaratibu huo. Katika filamu Once Upon a Time in the West (1968) ya mwongozaji Sergio Leone, alitunga mapema viini vya muziki, yaani vipande vifupi vinavyomtambulisha kila mhusika, kikiwemo kile kikali cha kinanda cha mdomo, navyo vikapigwa waigizaji wakiwa kazini, hata mwendo wa kamera ukafuata mapigo yake. Licha ya ubunifu huo, tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu mahususi aliipata mwaka 2016, akiwa na miaka 87, jambo lililochelewa mno.