Mtoto Wetu Ameitwa Chuo Kikuu: Kikundi Kipange Nini Kabla ya Safari



Somo la mwezi huu ni juu ya jambo ambalo vikundi vingi hulikumbuka likiwa limechelewa. Kijana wa kijiji amefaulu KCSE, ameitwa chuo kikuu cha mbali, watu wamefurahi. Harambee inaitishwa, pesa zinapatikana, zinapelekwa benki, kijana anapanda gari. Baada ya wiki tatu tunasikia amerudi nyumbani. Ukiuliza sababu, ni mara chache utaambiwa kwamba masomo yalimshinda. Utaambiwa alikosa mahali pa kulala, au alishinda na njaa, au alirudishwa kwa ajili ya karatasi moja aliyoiacha nyumbani. Karo ilikuwa imelipwa! Kilichokosekana ni pesa ndogo na mpango wa zile wiki za kwanza, kabla ya mkopo wa serikali kufika.

Kuchanga karo mnakujua, sina haja ya kuwafundisha. Leo tuzungumze juu ya hizo wiki.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano wa kijana wa Lodwar, kule Turkana, aliyeitwa Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, karibu na Nakuru. (Chuo hicho kilianza mwaka 1939 kama shule ya kufundisha ukulima, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987.) Nimechagua njia hii kwa kuwa ni ndefu na inaonyesha karibu kila shida. Wenzetu wa Marsabit, Mandera au Lamu watabadilisha majina ya miji na kuongeza shida za kwao.

Kazi ya kuanza mapema

Matokeo ya KCSE hutoka mwanzoni mwa mwaka. Majina ya waliopata nafasi hutolewa na KUCCPS miezi kadhaa baadaye, na wanafunzi wapya huripoti mnamo Agosti au Septemba. Kwa hiyo tuna zaidi ya nusu mwaka. Lakini je, nusu mwaka hiyo tunaitumiaje? Wengi wetu tunangoja barua ya chuo itoke ndipo tuanze kukimbia.

Karatasi hazingoji barua. Kijana aliyetimiza miaka 18 na aende kutafuta kitambulisho mara tu anapopata matokeo, maana kitambulisho huchukua muda na bila hicho ombi lake la mkopo wa HELB litakwama. Atahitaji cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Kama mzazi mmoja amefariki, tafuteni cheti cha kifo sasa, kwa sababu fomu ya mkopo itakiuliza. Na namba ya simu atakayotumia iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Akitumia laini ya mjomba, pesa za matumizi zitamletea shida.

Halafu kuna cheti cha kumaliza shule na karatasi ya matokeo. Hapa familia nyingi hukwama kwa sababu kuna deni la karo katika shule ya sekondari, na mwalimu mkuu amekalia vyeti. Wizara ya Elimu imekwisha kuwaambia wakuu wa shule mara kadhaa kwamba wasizuie vyeti vya watoto, lakini sote tunajua hali ilivyo mashinani. Ushauri wangu ni kwamba kikundi kitume watu wawili wenye heshima, pamoja na mzazi, waende kuongea na mwalimu mkuu mwezi wa pili au wa tatu. Mwezi wa nane mtakuwa mnaomba huku mnalia. Mwezi wa pili mnaongea kama watu wazima, na mnaweza kupatana kulipa deni kidogo kidogo kwa maandishi.

Jambo lingine la mapema ni mifugo. Mkijua mtahitaji kuuza mbuzi, wauzeni baada ya mvua ndefu, wakiwa wamenona na hakuna anayewaharakisha. Mzee anayefika sokoni na mbuzi sita wiki moja kabla ya mtoto kuripoti, mnunuzi humsoma usoni. Bei huanguka papo hapo.

Pesa zigawanywe mara mbili

Hapa ndipo kiini cha somo letu, na ndipo wazee wengine watakaponipinga.

Tuseme harambee imeleta shilingi 60,000. Kawaida yetu ni kupeleka zote kwenye akaunti ya chuo ili tuwe na risiti ya kuonyesha watu. Risiti ni nzuri, lakini mtoto hawezi kula risiti. Ninachosema ni hiki: someni barua ya chuo, muone ni kiasi gani kinachotakiwa ili aandikishwe, na mpige simu ofisi ya fedha ya chuo kuuliza kama wanakubali kulipwa kwa mafungu. Wakikubali, wekeni kando shilingi 20,000 hivi na msiziguse kwa karo.

Kwa nini? Kwa sababu msaada mwingine wote unakwenda kwenye karo peke yake. Bursari ya kaunti au ya NG-CDF huandikwa kwa jina la chuo, haimfikii kijana mkononi. Bursari haiwezi kununua sahani ya maharagwe. Harambee inaweza. Na mkopo wa HELB, ingawa una sehemu ya matumizi, hutolewa kwa mafungu, na fungu la kwanza mara nyingi hufika masomo yakiwa yameanza kitambo. Katikati hapo kijana anaishi kwa nini?

Hebu tupige hesabu. Kama atakula kwa shilingi 200 kwa siku, basi wiki ni 1,400, na wiki nane ni 11,200. Zinabaki 8,800 za nauli, vitu vya chumba na usiku mmoja wa njiani. Zinatosha kwa shida, akipata kitanda ndani ya chuo. Asipopata kitanda hesabu inavunjika, maana mwenye nyumba wa nje hutaka kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mwingine. Chumba cha shilingi 3,000 kinakuwa 6,000 siku ya kwanza, kabla hajanunua hata ndoo. Kwa hiyo ombi la hosteli lipelekwe siku ile ile chuo kinapofungua nafasi. Vitanda vya chuo ni vichache na wa kwanza ndiye anayehudumiwa. Kama kijijini hakuna mtandao, mtafutieni nauli ya kwenda saiba mjini. Hiyo ndiyo nauli yenye faida kuliko zote.

Hizo 11,200 za chakula msimpe zote kwa mkupuo. Simaanishi kwamba vijana wetu ni waharibifu. Ninamaanisha kwamba katika wiki ya kwanza atakutana na marafiki wapya wenye shida za kweli, na mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kuwanyima. Mweka hazina amtumie 1,400 kila Jumamosi kwa M-Pesa, katibu aandike kitabuni, na kijana ajibu kwa ujumbe mfupi kwamba amepata. Ujumbe huo una faida nyingine. Wiki ambayo hakujibu, mtajua kuna jambo, na mtampigia simu.

Mfumo wa serikali wa kugharimia vyuo nao umebadilika. Mwaka 2023 ulianzishwa mpango wa kugawa msaada na mkopo kulingana na uwezo wa familia. Mwisho wa mwaka 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo unakwenda kinyume cha Katiba, na kesi ikaendelea kwenye rufani. Kwa sababu hiyo msitumie barua ya kijana wa mwaka juzi kama kipimo. Someni barua ya mtoto wenu mwenyewe.

Njia yenyewe

Kutoka Lodwar hadi Kitale ni kama kilomita 300, kupitia Lokichar, Kainuk na Marich. Sehemu za Kainuk zimekuwa na visa vya ujambazi kwa miaka mingi, basi ulizeni hali ya usalama siku mbili kabla na mpange gari la kupita pale mchana. Kitale hadi Eldoret ni kama kilomita 70, halafu Eldoret hadi Nakuru zaidi ya 150. Njoro iko karibu kilomita 20 kutoka mjini Nakuru.

Msijaribu kumaliza yote kwa siku moja ili kuokoa pesa ya malazi. Kijana atafika Nakuru usiku, na mzigo, katika mji asioujua, amechoka. Hapo ndipo wezi wa steji humpatia. Tafuteni mtu Kitale au Eldoret wa kumlaza usiku mmoja. Muulizeni paroko wenu kama anafahamu familia au parokia ya huko, maana jumuiya hupokea wageni kuliko tunavyodhani. Siku ya pili aondoke asubuhi ili afike chuoni kabla ya ofisi kufungwa jioni.

Ukitoka Eldoret, njia panda ya Njoro iko kabla ya kufika mjini Nakuru, na utingo anaweza kukushusha hapo. Mwenye mizigo mingi ni heri afike steji ya Nakuru apande matatu ya Njoro vizuri, kuliko kusimama barabarani na masanduku matatu.

Tena kuna baridi. Watu wa Lodwar mtacheka, lakini hili si la kucheka. Lodwar iko kama mita 500 juu ya bahari, na Njoro ni zaidi ya mita 2,000. Kijana ambaye maisha yake yote amelala nje kwa sababu ya joto atafika mahali ambapo asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni. Sweta na koti viwe kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu baridi itaanza Timboroa akiwa bado ndani ya gari. Blanketi nzito mbili si anasa.

Mizigo mingine iwe michache. Godoro halibebwi kilomita 500. Hosteli nyingi hutoa kitanda na godoro, na kama hazitoi, litanunuliwa Njoro. Abebe shuka, blanketi, kufuli imara, sahani, kikombe, na nguo. Ndoo na beseni atanunua huko. Vyeti halisi visiwekwe kwenye sanduku linalofungwa juu ya gari. Viwe kwenye bahasha ya plastiki, ndani ya mkoba anaoushika mwenyewe, hata akienda msalani. Seti moja ya nakala ibaki kwa katibu wa kikundi.

Je, mzazi aende naye? Nauli ya mtu wa pili, kwenda na kurudi, ni kubwa. Mimi naona heri aende mtu mmoja aliyewahi kupita njia hiyo, hata kama si mzazi, kuliko baba na mama kwenda wote wawili kwa ajili ya heshima. Kama kuna mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu kutoka kaunti yenu, huyo ni dhahabu. Mpigieni simu mwezi mmoja kabla.

Siku ya kwanza chuoni

Langoni na stejini kuna watu watakaomwita kwa upole: "Mdogo wangu, unatafuta chumba? Hosteli zimejaa, nikupeleke." Wengine ni wakweli, wengine watachukua amana na kupotea. Kijana ashike sheria mbili. Asilipe chumba ambacho hajakiona kwa macho na kukutana na mwenyewe. Na malipo yoyote ya chuo yaende kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye barua ya chuo, si kwa namba ya simu ya mtu.

Akikwama, aulize ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Kazi ya ofisi hiyo ni shida kama hizi, na hapo ndipo atauliza pia kama chuo kina mpango wa wanafunzi kufanya kazi na kulipwa. Vyuo vingi pia vina kapelani na vikundi vya wanafunzi wa wilaya na kaunti moja. Vijana wetu wa mbali huona haya kuuliza. Wafundisheni nyumbani kabla hawajaondoka: mwenye kuuliza hapotei.

Ikiwa pesa hazikutosha kabisa

Kuna mwaka ambao ukame umemaliza mifugo na harambee haikupata kitu. Katika hali hiyo msikae kimya. Kijana asiyeripoti na asiyeandika chochote anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha nafasi yake. Aandike barua kwa msajili wa chuo kabla ya tarehe ya kuripoti, aeleze sababu, aombe kuahirisha masomo mpaka mwaka unaofuata, na asikae bila jibu la maandishi. Barua ya chifu au ya paroko ikiambatanishwa itasaidia. Karatasi hiyo moja inaweza kuokoa kazi ya miaka kumi na miwili.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mwaka huu ni vijana gani wa kijiji chetu wanaongoja matokeo au barua? Ni nani kati yao hana kitambulisho au cheti cha kuzaliwa?

2. Je, wanachama watakubali sehemu ya harambee isiende kwenye karo? Wanaopinga waseme sababu zao, na mweka hazina aeleze jinsi ataonyesha hesabu ya pesa za kila wiki.

3. Kila mwanachama ataje mtu mmoja anayemfahamu kwenye njia ya kwenda chuoni: Kitale, Eldoret, Nakuru, au miji ya njia yenu. Katibu aandike majina na namba za simu leo, kabla ya mkutano kufungwa.