Maharage ya Wagiriki

Leo tujifunze chakula cha Ugiriki, nchi ya Ulaya ya kusini. Zamani wakulima wa huko walikula nyama kwa nadra. Je, mama aliwapa watoto nini? Aliwapa maharage. Mchuzi wake huitwa fasolada, na mpaka leo unapendwa sana.

Hupikwa hivi:

1. Loweka nusu kilo ya maharage meupe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo.
2. Tia maji mapya, chemsha mpaka maharage yaanze kulainika.
3. Katakata kitunguu, karoti na nyanya, utie. Ongeza nusu kikombe cha mafuta ya zeituni.
4. Punguza moto. Mchuzi ukiwa mzito, tia chumvi.

Huliwa kwa mkate. Tuangalie basi: maharage hujenga mwili, mkate na mafuta hutia nguvu, mboga hulinda mwili. Chakula kamili hicho, na nyama hakuna!

Tena maharage makavu hukaa muda mrefu. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ugiriki. Chakula kilichukuliwa, na meli za nafaka zikazuiwa. Njaa ikaua maelfu ya watu. Walioumia zaidi ni watu wa mjini Athens, wasio na shamba wala ghala. Wengi walichuma majani ya porini, wakayachemsha.

Wahenga walisema, akiba haiozi.

Maswali:
1. Kwa nini fasolada ni chakula kamili?
2. Nyumbani kwako kuna akiba ya maharage ya miezi mingapi?