Kichocho cha Tumbo: Mkojo Unaposema Kisichoonekana Kinyesini

Jozi moja ya minyoo ya Schistosoma mansoni, isababishayo kichocho cha tumbo, yaweza kutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Sehemu kubwa ya mayai hayo hunasa katika ini na kuta za utumbo, na huko ndiko yanakoleta madhara. Yaliyosalia hutoka na kinyesi. Kipimo cha Kato-Katz huchunguza miligramu 41.7 tu za kinyesi hicho, kiasi kwamba yai moja likionekana huhesabiwa kuwa mayai 24 kwa gramu. Mgonjwa mwenye yai moja au mawili katika kila gramu aweza basi kupimwa leo na kesho, na mara zote mbili akaambiwa kuwa yu mzima.

Kipimo cha haraka cha mkojo hakitafuti mayai. Mnyoo ulio hai hutapika ndani ya damu mabaki ya utumbo wake, na miongoni mwake imo antijeni iitwayo CCA, ambayo hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Matone machache huwekwa kwenye kifaa, na jibu husomwa baada ya dakika 20, bila hadubini wala umeme. Kwa zahanati za mwambao wa Ziwa Victoria, faida hiyo si ndogo.

Ugumu umo katika kusoma. Mstari wa udhibiti usipojitokeza, jibu ni batili, hata kama ule mwingine umeonekana. Mstari hafifu ndio unaozua ubishi: palipo na maambukizi mengi, mara nyingi huashiria minyoo michache, palipo na maambukizi haba, huenda ukawa wa uongo. Damu katika mkojo nayo yaweza kupotosha.

Isisahauliwe pia kwamba kipimo hiki hakigundui safura. Mtoto mwenye upungufu wa damu ambaye mkojo wake hauna antijeni bado anahitaji kupimwa kinyesi, tena kwa haraka, kwani mayai ya safura hutoweka katika kioo cha Kato-Katz kisiposomwa ndani ya saa moja hivi.

Anayethibitika kuwa na kichocho hupewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi michanga vilivyo. Kwa hiyo mvuvi aliyeambukizwa wiki chache kabla ya kuimeza aweza kuonyesha mstari tena baadaye, hata kama hakurudi majini.